Kamba ya Mita 46 na Beseni la Mifupa: Nilivyofundisha Visukuku Tororo

Nianze na ushauri mbaya, kwa sababu ulinipotezea muhula mzima. Nilipowaambia wenzangu kwenye chumba cha walimu kwamba nataka kidato cha pili wajifunze visukuku, yaani mabaki na alama za viumbe wa kale zilizohifadhika mwambani, kwa mikono yao, mmoja alinijibu, "Madamu, hayo ni ya shule zenye projekta. Chora dinosaria ubaoni, wanakili, songa mbele." Mwingine akaniambia ninunue wale dinosaria wa plastiki wanaouzwa pamoja na midoli. Nikanunua watano, nikawapanga mezani. Darasa lilifurahi kwa dakika kumi hivi, kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Madamu, nani aliona kwamba huyu alikuwa wa kijani?"

Hakuna aliyeona, na nilimwambia hivyo hivyo. Aliyetengeneza mdoli alijichagulia rangi. Akauliza tena: "Sasa hayo mengine tunayajuaje?"

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimejitayarisha kuwatajia majina na ukubwa na nani alikula nini, na mtoto ameniuliza jambo ambalo ndilo sayansi yenyewe. Niliwarudisha wale wa plastiki kabatini, na hawajatoka tena.

Mimi nafundisha baiolojia hapa Tororo mjini, mashariki mwa Uganda. Masomo ni kwa Kiingereza, lakini darasani nina Wajopadhola, Waiteso, Wasamia, Wanyole, na watoto wa madereva wa malori ya mpakani Malaba, kwa hiyo jambo likiwa gumu tunahamia Kiswahili na kila mtu anaelewa. Nawashauri walimu wenzangu wasione haya kufanya hivyo. Mtoto akishaelewa, neno la mtihani atalikariri kwa siku moja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanzia Marekani. Vitabu vingi huanzia huko. Safari ya pili nilianzia Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu. Mwezi wa Julai 2011, wanasayansi wa Ufaransa na Uganda walipata fuvu la sokwe wa kale kwenye miteremko ya Napak, la miaka kama milioni 20. Wakasema ni wa aina iitwayo Ugandapithecus major. Moroto nako yalipatikana mabaki ya sokwe mwingine wa kale, Morotopithecus, na Bukwa, upande wa Mlima Elgon, kuna visukuku vya mimea na wanyama. Napak ilikuwa volkano. Majivu yakaanguka juu ya mifupa, yakaifunika kabla haijaoza na kusagika, yakageuka mwamba, na leo mvua inayatafuna kidogo kidogo mpaka jino linachungulia. Nikawaonyesha Mwamba wa Tororo dirishani, nikawaambia hicho nacho ni kisiki cha volkano iliyokwisha zamani. Waliuangalia kama vile umeota jana.

Wakauliza kwa nini hatusikii habari za dinosaria wa Uganda. Hapo watoto walifikiri wenyewe mpaka wakafika. Dinosaria atapatikana kwenye mwamba uliojengeka wakati dinosaria walikuwa hai, na mawe yetu mengi ama ni ya zamani kuwapita kwa mbali, ama ni ya baada yao kabisa. Mawe ni kama kitabu chenye kurasa zake, na kurasa za dinosaria kwetu karibu zote hazipo.

Lakini Tanzania zipo. Tendaguru, karibu na Lindi, Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913. Nilitaka watoto wajue nani hasa alichimba. Mamia ya watu wa huko huko ndio walioshika majembe na patasi, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jina lake linastahili kuandikwa ubaoni na nililiandika kwa herufi kubwa. Wapagazi waliibeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani mia mbili. Mmoja wa dinosaria wale, Giraffatitan, amesimama kwenye makumbusho ya Berlin na kimo chake ni mita 13.27.

Namba peke yake haimwingii mtoto. Kwa hiyo nilichukua chaki, nikachora kwenye sakafu ya veranda mfupa mmoja tu wa Giraffatitan, ule wa mguu wa mbele kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Urefu wake ni mita 2.13. Kijana mrefu kuliko wote, golikipa wa shule, akalala ndani ya mchoro na mikono ameibana ubavuni. Juu ya kichwa chake pakabaki nafasi ya kuweka daftari mbili wima. Nilisikia darasa zima limenyamaza. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Na huu walibeba kichwani?" Tukakaa tukizungumza jinsi walivyoukata vipande, wakavifunga, wakaviandika namba ili vikifika viunganishwe tena. Kipindi kikaisha hatujafungua kitabu.

Sasa kamba. Hii ndiyo ninayojivunia kuliko yote, na gharama yake ilikuwa kama shilingi elfu kumi, labda kumi na tano. Dunia ina miaka kama milioni 4,600. Nikanunua kamba ya katani, tukapima mita 46, kila mita moja ni miaka milioni 100. Tukaitandaza kiwanjani, tukafunga vitambaa vya rangi. Mita 11 hivi kutoka mwanzo, dalili za uhai, vijidudu vya chembe moja. Kisha mnatembea na kutembea na hakuna kitambaa. Watoto walianza kulalamika kwamba tumekosea. Hatukukosea. Wanyama wenye maumbo tunayoyatambua wanajaa baharini zikiwa zimebaki mita tano na nusu. Dinosaria wanaanza zikiwa zimebaki mita 2.3. Tendaguru iko kwenye mita 1.5. Sentimita 66 kabla ya mwisho, kimondo kikubwa kinaanguka Mexico na dinosaria wakubwa wanatoweka. Napak na Moroto zinabakiza sentimita 20. Nyayo za Laetoli, Tanzania, ambako watu wa kale walikanyaga majivu mabichi ya volkano, zinabakiza sentimita tatu na nusu hivi. Sisi binadamu wa leo, miaka kama 300,000, tumeingia kwenye milimita tatu za mwisho.

Msichana yule wa dawati la nyuma alipiga magoti, akaweka ukucha wake wa kidole kidogo kwenye ncha ya kamba. Ukucha ulizidi. Akauliza miaka elfu mbili itakuwa wapi. Tukapiga hesabu: haifiki hata unene wa unywele mmoja.

Kisha likatokea ambalo sikulipanga. Kijana mmoja alikuwa anapima kati ya vitambaa. Kentrosaurus wa Tendaguru, yule mwenye miiba mgongoni, yuko kwenye sentimita 150 kutoka mwisho. Tyrannosaurus, yule mla nyama mkubwa, yuko kwenye sentimita 68 au 66. Akaja mbio: "Madamu, Tyrannosaurus yuko karibu na sisi kuliko alivyo karibu na Kentrosaurus!" Ni kweli. Walikuwa wamezoea picha zinazowaonyesha wote wakipigana porini siku moja. Sikuwa nimewaambia neno. Kamba ndiyo iliyowaambia.

Nakala za visukuku ndizo zilizonitesa. Nilitaka kila mtoto atengeneze chapa na nakala yake, aone tofauti ya alama iliyobaki kwenye tope na kitu kilichojaza alama ile. Fundi mmoja wa ujenzi aliniambia saruji inatosha. Haitoshi. Nilimwagia saruji juu ya majani ya muhogo kwenye mikebe ya maziwa, nikangoja siku tatu, na jani, saruji na mkebe vikawa kitu kimoja. Nikahamia jasi, ule unga mweupe wa mafundi wa dari ambao hapa mjini wanauita jipsamu. Nilitia unga kwenye beseni, nikamwagia maji, nikakoroga kwa nguvu zote. Ukawa madonge. Nikaongeza maji ya moto nikidhani madonge yatayeyuka. Kabla sijafika kwenye dawati la tatu, mwiko ulikuwa umesimama wima katikati ya beseni na hauchomoki. Wanafunzi sitini wamekaa na udongo mikononi wananitazama, na mfuko wa elfu thelathini na kitu umekwenda nusu.

Aliyeniokoa ni kijana anayeweka dari kwenye duka jirani na shule. Nilimwita, "Mwanangu, nifundishe." Akanionyesha kwa subira. Maji ndiyo yanayotangulia, tena ya baridi na safi. Unga unanyunyizwa juu kwa mkono, polepole, mpaka vinatokea visiwa vidogo ambavyo havizami. Hapo unaacha. Hukorogi. Unangoja unga unywe maji kwa dakika moja au mbili, ndipo unakoroga taratibu bila kuingiza mapovu. Ni vikombe viwili vya unga kwa kimoja cha maji, si lazima uwe na mizani. Beseni lenye mabaki ya jasi ya jana litaharakisha kuganda, kwa hiyo lioshe kwanza. Na unga uliokaa wazi msimu wa mvua usinunue, umeshakunywa unyevu, hautashika vizuri.

Udongo wa kichuguu ndio bora kwa kupigia chapa. Ni laini na hauna kokoto. Kandia, sawazisha, paka mafuta ya kupikia kidogo, kandamiza mguu wa kuku, toa, mimina. Wanafunzi walipobandua nakala zao na kuona magamba ya mguu wa kuku yametoka moja moja, nikawaambia ndege ni wazao wa dinosaria. Wakacheka. Nikawapa kile kifupa cha kuku chenye umbo la herufi Y, cha mbele ya kifua, nikawaambia Tyrannosaurus naye alikuwa nacho. Kicheko kikakoma, vifupa vikazunguka mezani.

Uchimbaji tuliufanya kwenye mabeseni yaliyopasuka ya jikoni. Chini mchanga wa mtoni wenye mifupa ya kambare, juu yake jivu la jikoni badala ya volkano, kisha maramu nyekundu yenye mifupa ya kuku, juu kabisa udongo mweusi na jino la mbuzi. Mifupa tulipewa bure na mama wa mkahawa. Msiyaache mabeseni nje usiku. Mbwa waliyachimba yote mara ya kwanza tukaanza upya. Wanafunzi walichimba kwa vijiko na miswaki ya zamani, wakiandika kila kitu kimetoka tabaka gani. Kundi moja lilitaka kushinda, likamwaga beseni lote. Walikuwa na mifupa mingi kuliko wenzao, imesafishwa, inang'aa. Nikawauliza tu: "Nani aliishi kwanza, kambare au kuku?" Wakatazamana. Walikuwa na mifupa yote na hawakuwa na jibu. Waliomba beseni lingine, na mara hii walichimba mpaka jioni.

Siku hiyo alifika mzee mmoja, baba wa mwanafunzi, mhubiri. Alikuwa amesikia kwamba tunapinga imani. Nilimpa kiti na kijiko, nikamwambia, "Mzee wangu, karibu uchimbe nasi." Alichimba. Alipotoa mwiba wa pezi, alimtambua kambare mara moja, akawaeleza watoto jinsi vichwa vya kambare vinavyobaki kwenye tope bwawa likikauka, vimelaliana, na mwaka unaofuata vimefunikwa. Lilikuwa somo zuri kuliko langu. Hatukubishana; aliondoka na nakala ya mguu wa kuku mfukoni.

Sikuwa na fedha za kuwapeleka kwenye jumba la makumbusho la taifa, kule Kira Road Kampala, mwaka ule. Mwenye uwezo awapeleke, ila baada ya kamba na mabeseni, si kabla.

Wiki tatu baadaye, kijana wa kundi lililomwaga beseni alileta jino kubwa jeusi alilolitoa kwenye ukingo wa kijito nyuma ya kwao. Darasa lilitaka liwe la dinosaria. Yeye alikuwa ameshachora ukingo ule kwenye daftari: nyasi, udongo mweusi, jino, na chini ya jino kipande cha mfuko wa plastiki. Alilipima, akalilinganisha na taya la ng'ombe kutoka machinjioni, likalingana kila tuta. Akakata karatasi, akaandika mwenyewe, na jino liko kwenye rafu ya maabara mpaka leo pamoja na karatasi yake: "Jino la ng'ombe. Lilikuwa juu ya plastiki. Si kisukuku."