Kusimulia na Kuhesabu katika Kiingereza

Kitenzi cha Kiingereza “tell”, ambacho shuleni tulikizoea kwa maana ya kuambia, kilikuwa “tellan” katika Kiingereza cha kale, nacho kilibeba maana ya kuhesabu pamoja na ya kusimulia. Ndiyo sababu karani wa benki anayetuhesabia fedha dirishani huitwa “teller”, na wabunge wanaohesabu kura katika Bunge la Uingereza huitwa hivyo hivyo hadi leo. Uhusiano huu unanivutia sana, kwa kuwa msimulizi hodari naye hupanga matukio moja baada ya jingine bila kuruka. Hata “tale”, yaani hadithi, ni la ukoo huo: katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Kutoka 5:8, linamaanisha idadi ya matofali waliyotakiwa kufyatua Waisraeli.