Ijumaa ya Kismayo

Mwaka 2012 nilikuwa darasa la nne, tukikaa Likoni, Mombasa. Babangu alikuwa mwanamaji, kambi yao Mtongwe, na tangu majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia Oktoba 2011 kupigana na Al-Shabaab, nyumbani tulimwona kwa nadra. Meli za kijivu zikipita pale feri kuelekea bahari kuu, tulisimama kivukoni kuzitazama, hatujui yeye yumo ipi.

Mamangu alitukataza kutaja kazi yake. Mji ulikuwa na joto siku zile. Agosti kulizuka fujo, na wako ambao hawakuvitaka vita vile. "Mkiulizwa, semeni baba yuko safarini." Kwangu haukuwa uongo. Tena maalim alishatuambia kuwa dua ya msafiri haikataliwi.

Chuoni, yaani madrasa, nilikuwa nimehifadhi Ayatul Kursiy, aya ya Kiti katika Kurani. Maalim alitufasiria kuwa Mwenyezi Mungu hasinzii wala halali, Kiti chake kimeenea mbinguni na ardhini, na kuvilinda vyote hivyo hakumlemei. Nikayashika kama yalivyo. Ikiwa mbingu hazimlemei, mtu mmoja ndani ya meli atamlemea vipi? Na ikiwa Yeye halali, mimi naweza kulala. Kila baada ya isha niliisoma, kisha nikapuliza mbele yangu. Kibla chetu Mombasa kinaelekea kaskazini, na Somalia iko upande huo huo, basi kusali na kumwelekea babangu kwangu vilikuwa kitu kimoja.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 28 Septemba, wanajeshi wetu waliteremka ufuoni Kismayo, mji wa bandari wa Somalia uliokuwa mikononi mwa Al-Shabaab, kutokea baharini. Sisi tulipata habari asubuhi redioni. Mama aliongeza sauti akakaa kitako sakafuni, chai ikapoa. Kila taarifa ilipoanza alinyamazisha nyumba nzima, akingoja kusikia kama kuna waliokufa. Bibi hakuingoja redio. Aliniita, nami nishavaa sare ya shule: "Njoo usome, mwanangu. Mimi nitaitikia."

Nikasoma, na bibi, aliyenifundisha hata kutawadha, akawa nyuma yangu akisema amin. Nakumbuka wazi kuwa sikuogopa. Nilijua baba yu hai, kama nilivyojua kuwa jua litachwa jioni.

Leo ni mtu mzima, na najua wako watoto waliosoma kama mimi, na baba zao hawakurudi kutoka El Adde, kambi ya majeshi yetu huko Somalia iliyoshambuliwa na Al-Shabaab Januari 2016. Sithubutu kusema dua zao zilikuwa pungufu kuliko zangu. Nikiwafikiria, ile yakini yangu ya utotoni naishika kwa unyenyekevu zaidi, lakini sijaiacha.

Baba alipiga simu baada ya siku kadhaa, laini ikikatika-katika. Mama alishindwa kusema, akanipa mimi.

"Mwasali huko?" akauliza.

"Twasali, baba. Wewe warudi lini?"

"Bado kidogo, mwanangu."

Bibi akanituma nipeleke mahamri ya sadaka kwa majirani. Na baada ya isha nikasoma tena, maana Kismayo ilikuwa imeshikwa, lakini babangu alikuwa bado huko.