Pombe ya jana, ugonjwa wa leo

Kwenye kituo chetu cha afya, Katuba, hapa Lubumbashi, mlevi anayeletwa usiku si habari. Yule fundi matofali aliletwa jioni ya siku ya pili. Alikunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, akalala, akaamka vizuri, ndipo kichwa, tumbo na kutapika vikamwanza. Huo muda wa katikati ndio ulionishtua. Ulevi hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Sumu ya methanoli, pombe isiyofaa kunywewa ambayo huweza kuchanganyika na pombe ya kienyeji, huweza kujificha saa 12 hadi 24.

"Mama, naona weupe tu, kama ukungu." Alipumua kwa nguvu na haraka, lakini mapafu yalikuwa safi. Malaria hakuna, sukari nzuri.

Hatuna kipimo cha methanoli, na kusubiri majibu kutoka mbali kungemgharimu macho, pengine uhai. Methanoli yenyewe haina ukali mkubwa. Ini ndilo huigeuza kuwa asidi fomiki, ambayo huchachusha damu na kuharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Pombe ya kawaida, yaani ethanoli, hushikwa kwanza na kimeng'enya kilekile cha ini kinachoigeuza methanoli, na methanoli inabaki bila kugeuzwa mpaka itoke mwilini. Ipo dawa nzuri zaidi, fomepizoli, ila sisi hatuna.

Nilimpigia daktari simu, akakubali. Tukaagiza wiski ya asilimia 40, chupa iliyofungwa kiwandani. Mke wake akanishika mkono: "Mama muganga, pombe ndiyo inamuua, na wewe unamuongezea?" Alikuwa na haki ya kuuliza, nikamweleza mpaka akaridhika. Tulimpa mililita 1.8 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo zake 60 ni mililita 108, zikachanganywa na juisi, kisha kiasi kidogo kila saa. Alikuwa na fahamu na anameza vizuri. Angekuwa hajitambui nisingemnywesha kwa mdomo. Ethanoli hushusha sukari, kwa hiyo tulimpima kidole mara kwa mara. Tulimpa pia asidi foliki, ambayo ni vitamini inayosaidia mwili kuondoa asidi fomiki, na bikaboneti ya kupunguza asidi ya damu kwenye serumu, yaani dripu. Wakati huohuo tulitafuta gari la kumpeleka hospitali yenye mashine ya kusafisha damu, kwa sababu macho yakishaguswa, wiski peke yake haitoshi.

Kabla gari halijaondoka nilimuuliza mkewe: alikunywa na nani? Shemeji yake akakimbia kuwatafuta. Mmoja alikuja akilalamika kwamba haumwi popote. Nikamwambia apande gari hilohilo.