Hifadhidata ilihama, viambatisho vikabaki: nilivyovirudisha

Asubuhi ya Jumatatu, baada ya kuhamishia Redmine yetu, ile programu ya kusimamia kazi za mradi, kwenye seva mpya, nilikuwa nimejaa raha. Kazi zote zipo, maoni yapo, tarehe za mwisho zipo, hata majina ya mafaili yamejipanga chini ya kila kazi kama kawaida. Saa tatu kasoro ukaingia ujumbe wa mchoraji wetu: "Kaka, mbona mchoro haufunguki?" Nikabofya. 404, yaani hakipatikani. Nikabofya mwingine. 404.

Kosa lilikuwa langu. Kiambatisho kinakaa sehemu mbili: jina lake, ukubwa, nani kakipakia na lini, hayo ni mstari ndani ya hifadhidata, faili lenyewe liko kwenye diski, ndani ya folda ya files, likipangwa kwa mwaka na mwezi. Mimi nilihamisha hifadhidata peke yake. Ile nakala rudufu ya kila usiku niliyokuwa najivunia nayo ilikuwa ya hifadhidata tu, tangu siku ya kwanza. Na seva ya zamani? Nilishaifuta Jumapili usiku.

Yalikuwa mafaili mia tatu na kitu. Nikawaomba wenzangu wapekue kompyuta zao wanitumie chochote kinachohusu mradi. Yakanifikia mafuriko: mkataba_mpya, mkataba_mwisho, mkataba_mwisho_kabisa, mkataba_mwisho_kabisa2. Watu wawili walinitumia mkataba_mwisho, na haikufanana. Kila mmoja aliapa wake ndio uliopakiwa.

Kilichoniokoa ni safu moja kwenye jedwali la viambatisho ambayo sikuwahi kuijali, inaitwa digest. Programu ikipokea faili hulipigia hesabu iitwayo SHA-256, inayotoa kitu kama alama ya kidole ya faili, na kuhifadhi jibu lake, mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukigusa nukta moja ndani ya faili, jibu linakuwa jingine kabisa. Ukibadilisha jina tu, jibu halitikisiki. Kwa hiyo sikuwa na haja ya kuamua nani anasema kweli. Nilikusanya kila kitu kwenye folda moja, nikaendesha amri ya sha256sum, nikalinganisha majibu na ile safu. Lililooana nililipa jina ambalo hifadhidata ilikuwa inalitarajia, kwa mfano 230914083007_mkataba.docx, ambapo zile tarakimu za mwanzo ni mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, kisha nikaliweka kwenye folda ya mwezi wake.

Mkataba sahihi ulikuwa ule wa mkataba_mpya. Zile "mwisho" zote hazikuwahi kupakiwa popote.

Mistari ya zamani ilinisumbua kidogo kwa sababu digest yake ilikuwa na urefu wa 32. Hiyo ni MD5, hesabu nyingine ya aina hiyo iliyotumika kabla ya toleo la 3.4 la Redmine, nikabadilisha amri tu. Raha ilikuwa pale faili moja lilipofufua kazi tatu kwa mpigo: matoleo ya karibuni yakiona faili lile lile limepakiwa tena, hayahifadhi nakala ya pili kwenye diski.

PDF zilirudi karibu zote. Nyaraka za Word ndizo zilizonitoa jasho, maana mtu akifungua na kuhifadhi upya bila hata kuongeza neno, digest inabadilika. Na ule mchoro wa asubuhi ulikuwa na kisa chake. Mwenzetu mmoja alikuwa nao kwenye simu, aliutumiwa kwa programu ya kuchati. Kwa macho ni ule ule, lakini programu ilikuwa imeshaubana, digest ikakataa. Tuliupata wa asili kwenye barua pepe zilizotumwa za mchoraji mwenyewe, kwa kuwa barua pepe hufikisha kiambatisho bila kukigusa.

Sasa nakala ya usiku inabeba hifadhidata na folda ya files kwa pamoja, na kila mwezi naifungua kwenye mashine nyingine nione kama mafaili yanafunguka kweli. Kikomo cha ukubwa wa faili nilikipandisha kutoka kile cha kuanzia, kilobaiti 5120, maana kilikuwa kinawafukuza watu kwenda kutumiana mafaili pembeni. Kuhusu kanuni za majina, niliandika moja nzuri sana na hakuna aliyeifuata. Nikaachana nayo. Ninachodai ni maelezo mafupi kwenye kile kisanduku kilicho kando ya faili: limebadilika nini.

Mafaili kumi na moja hayakurudi. Mchoraji naye siku hizi anatunza nakala zake kwenye flashi, na sijathubutu kumwambia aache.