Shati jeupe

Miaka yote nilijua wito ni mimbari. Mara mbili nimesimama kuhubiri, mara mbili sauti imenikauka, jasho mpaka ndani ya viatu. Nikakaa chini na aibu yangu.

Leo asubuhi, hapa Kadutu, mvua ya Bukavu kama kawaida yake, niko kwenye mashini yangu ya kushona.

Anaingia mama mmoja na binti yake. Mkononi shati jeupe la mume wake, marehemu.

"Fundi, nitolee humu shati ya mtoto ya masomo. Kitambaa ni hiki tu."

Nilikata polepole kuliko siku zote. Kola ilichakaa, nikaigeuza. Mfuko nilitaka kuutoa: mkubwa mno kwa kifua cha mtoto, tena una doa la wino.

Mama akanishika mkono. "Huo uache."

Mtoto akavaa. Akatia vidole mfukoni, akavitoa, akavinusa.

Sikuweza kusema kitu.

Matendo ya Mitume 9 katika Biblia, nimeisoma mara nyingi sana, lakini kila mara nilimtazama Petro. Kumbe pale wajane wanalia wakimwonyesha nguo ambazo marehemu Dorkasi aliwashonea! Hata hubiri lake moja halikuandikwa.

Hela sikuomba. (Mke wangu akipita hapa, nitaeleza nyumbani.)

Mpaka sasa nina uzi mweupe kwenye suruali, sitaki kuutoa.

Ninyi wapendwa, mlijuaje kazi mliyopewa na Mungu? Siku hiyo mlikuwa mnafanya nini? Niambieni hapa chini.