Siku kumi za Smirna

Bwana asifiwe wapendwa. Jana kwenye ibada ya nyumbani hapa Chumbageni, Tanga, tulisoma Ufunuo 2:8–11, barua ya Kristo kwa kanisa la Smirna, inayosema watakuwa na dhiki siku kumi. Mama mmoja anayekaanga samaki, mtaji umekatika na mumewe yuko kitandani, akauliza: "Mwalimu, hizi siku kumi za dhiki ni miaka mingapi?"

Wapo wanaohesabu siku moja kama mwaka, wanasema ni miaka kumi ya mateso ya Wakristo yaliyoanza mwaka 303 chini ya Diokletiano, mfalme wa Roma. Mimi sikubaliani nao. Barua iliandikiwa watu hai wa Smirna, Izmir ya leo kule Uturuki, maskini waliokuwa wanangojewa na gereza. Wao waliambiwa dhiki yao ina kikomo, na anayekijua ni Kristo. Kwa hesabu kama hizo, wafuasi wa mhubiri William Miller kule Marekani walingoja Kristo arudi 22 Oktoba 1844, siku ikapita, wakalia sana. Na Mathayo 24:36, kwamba hakuna aijuaye siku ile, ilikuwepo muda wote jamani!

Aya ya 13 ya sura hiyohiyo inasema atakayeokoka ni mwenye kuvumilia hata mwisho. Peke yako utavumilia vipi? Tukachanga palepale, mama apate mafuta na mkaa wa kuanzia Jumatatu. Anayeweza kukaa na mgonjwa asubuhi, mama akiwa sokoni, anijulishe leo.