Neno "mato" katika shairi langu
Juma lililopita nilirudishiwa shairi langu likiwa limehaririwa: "ndia" imekuwa "njia", na "mato" yamekuwa "macho". Badiliko la kwanza ningelivumilia, kwani kina cha -ia kilisalimika, lakini ubeti niliokuwa nimeufunga kwa moto, mtoto na mito ulivunjika palepale "macho" yalipoingia, ingawa mizani haikupungua. Nyanya yangu alinilea kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa ambayo mshairi Muyaka bin Haji aliitumia kutungia mashairi yake miongo mingi kabla ya mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika Mombasa kwenyewe, kupendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Nakipenda na kukiheshimu Kiswahili sanifu, nacho ndicho ninachokiandika hapa. Hata hivyo, nimemwomba mhariri anirejeshee mato ya nyanya.